Grili za Konokono

Jina la Konokono hakulipata kwa sababu ya uvivu, ingawa wateja wengi waliapa kwamba ndivyo. Alilipata kwa ile mikunjo yake. Kila grili aliyoitengeneza, iwe ya dirisha la sebuleni au ya kitundu cha choo, lazima aiwekee mahali fulani chuma bapa kilichojikunja kama gamba la konokono. Alikikunja kikiwa baridi, kwa nguvu za mikono, akikizungusha kwenye kipande cha bomba alichokichomelea juu ya meza yake. Mafundi wengine walinunua mikunjo ya kiwandani wakaibandika. Yeye alisema mikunjo ya kiwandani inafanana kama meno ya bandia.

Karakana yake ilikuwa banda la mabati kwenye kona ya mtaa wetu, kati ya kinyozi na duka la vifaa vya ujenzi. Chini pote palikuwa peusi kwa unga wa chuma. Tukipita tuligeuza nyuso, maana ukiutazama ule mwanga wa kuchomelea, baadaye macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Ukimkuta amevua miwani, utamwona anapima fremu kwa uzi, kona hadi kona, mara mbili, kisha anashika kila kiungo kwa nukta moja ya moto kabla ya kuchomelea sawasawa. Hakumaliza upande mmoja akaenda mwingine. Alirukaruka, huku kidogo, kule kidogo.

"Chuma kina wivu," alisema. "Ukikipasha upande mmoja tu, kinavutia kwake."

Lakini fahari yake kubwa haikuwa mikunjo wala fremu. Ilikuwa makucha. Nyuma ya kila grili aliacha vipande vya chuma virefu, akavipasua ncha kama mkia wa mbayuwayu, kisha akavipinda huku na huku. Ukutani alitoboa mashimo mapana ndani kuliko mdomoni, akaingiza makucha, akashindilia zege kali na kulimwagilia maji mpaka lishike kabisa. Grili ikishakaa hivyo, huitoi. Utautoa ukuta.

"Mwizi ana haraka," aliwaambia wateja. "Grili nzuri ni ile inayomchosha."

Dada yake ndiye aliyemlea. Wazazi wao walifariki akiwa bado mtoto, na dada alipoolewa alikwenda na mdogo wake mkononi. Shemeji yake, makanika wa magari, mtu mpole mwenye mizaha, alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye alioa mke mmoja akapewa na nyongeza. Huyo shemeji ndiye aliyempeleka kwa rafiki yake mchomeleaji akajifunze kazi. Kwa hiyo Konokono alipokuja kuwa fundi wa kutegemewa, mwenye mke na watoto na nyumba yake, alijua vizuri ametokea mikononi mwa nani.

Dada na mumewe walijenga kanyumba ka vyumba viwili na sebule, mlango mmoja tu, mbele. Hawakuwa wamemaliza hata kupiga rangi walipoingiliwa na wezi mchana, wao wakiwa kazini. Walipitia dirisha la chumbani. Walibeba redio, nguo, pasi, hadi shuka zilizokuwa kitandani. Dada alikuja karakanani akiwa bado na aproni ya jikoni, maana alikuwa mpishi wa shule.

"Mdogo wangu," alisema, "nataka chuma ambacho hata wewe mwenyewe huwezi kukitoa."

Akakitengeneza. Tuliokuwepo siku ya kuzifunga zile grili tunakumbuka namna alivyojinyima hata chakula mpaka amalize. Vyuma vilikuwa vinene kuliko alivyoweka kwa mteja yeyote, na kila dirisha lilikuwa na konokono wawili wanaotazamana. Shemeji alizunguka, akagonga moja kwa kidole, akauliza kama grili ya chumbani isingewekewa kilango kidogo chenye kufuli, kwa dharura.

"Wewe unataka kumtengenezea mwizi mlango wake?" dada akamjibu.

Konokono alicheka. "Shemeji, mlango si upo?"

Shemeji naye akacheka, na mambo yakaishia hapo.

Grili zile zilikaa miaka mingi bila kuguswa na mwizi. Mtaa mzima ukataka za aina hiyo. Ukipita leo mitaa yetu, nyumba tatu kati ya tano utaona konokono dirishani.

Siku ya moto ilikuwa ya jua kali, baada ya chakula cha mchana. Dada alikuwa amestaafu, goti linamsumbua, na shemeji alikuwa amerudi nyumbani kula akajinyoosha kidogo chumbani pembeni yake. Sebuleni kulikuwa na jokofu la zamani. Inasemekana waya wake ndio uliotoa cheche, pazia likashika, kisha makochi. Makochi ya sponji yakiwaka hayatoi moto tu, yanatoa moshi mweusi mzito kama lami. Walipoamka na kufungua mlango wa chumba, sebule haikuwa sebule tena. Wakaufunga. Wakaja dirishani.

Aliyemkimbilia Konokono ni kinyozi, mashine ya kunyolea ikiwa bado mkononi. "Kwa dada yako kunaungua. Wako ndani."

Alibeba grenda ya kukatia na nyundo kubwa, akakimbia. Alipofika, wanaume kadhaa walikuwa wanaivuta grili kwa mikono, miguu wameikanyagia ukutani. Akauliza umeme uko wapi. Jirani alikuwa ameshauzima nyumba nzima, na alifanya sahihi, hakuna wa kumlaumu. Mwingine akakimbia kutafuta waya mrefu wa kuvutia umeme kutoka nyumba ya pili. Konokono hakumsubiri. Alianza kupiga vyuma kwa nyundo. Vilipinda kidogo vikarudi. Alipiga kwenye viungo, mahali ambapo kazi ya fundi mwingine ingepasuka. Haikupasuka hata nukta moja.

Dada yake alikuwa upande wa pili, nguo yenye maji mdomoni, uso umbali wa mkono tu. Shemeji alikuwa ameshika nondo kwa mikono yote miwili.

"Fungua," dada alisema.

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayegonga mlango wa nduguye na kuona anacheleweshwa. "Fungua. Fungua, basi."

Kisha moshi ukashuka dirishani na sura yake ikapotea.

Ndipo Konokono akaiacha grili. Aliwaambia wenye mitaimbo wasiguse pembeni mwa dirisha, kwa sababu huko ndiko makucha yalikokuwa, wapige chini, tofali tupu. Walipiga wote kwa pamoja, yeye katikati, mpaka tofali la kwanza likaingia ndani, na la pili, na moshi ukatoka hapo kama kutoka kwenye bomba. Alilala kifudifudi, akaingiza mikono. Mkono wa kwanza alioushika ulikuwa wa shemeji, akamvuta akatoka. Walipompata dada, alikuwa hapumui. Walimpepea, wakambana kifua, wakampakia kwenye gari la jirani. Hospitalini hawakumchelewesha, walimtazama tu wakamfunika.

Msibani watu walisema yale yanayosemwa: siku zake zilikuwa zimefika, kazi ya Mungu haina makosa. Konokono aliitikia kila mmoja, lakini hakukaa na wanaume wenzake. Alisimama karibu na sufuria za chai akiwaosha watu mikono. Na hapo, nyuma yake, alimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Lakini zile grili, jamani." Yule mwenzake akamkanyaga mguu. Konokono aliendelea kumimina maji.

Ukuta uliobaki ulibomolewa. Grili ya chumbani ilitoka nzima, makucha yake yakiwa bado yameng'ang'ania vipande vya tofali. Rangi ndiyo iliyoungua peke yake. Konokono aliipeleka mwenyewe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Yule mtu aliigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye viungo.

"Kazi safi hii," alisema. "Mbona unaitupa?"

"Ipime tu," Konokono akajibu.

Shemeji alilazwa muda mrefu. Mapafu yalikuwa yameingia moshi, na viganja, kwa sababu ya kushika vyuma vilivyokuwa vinapata moto, vilipona vibaya: vidole vilijikunja kwa ndani, ngozi imebana, ikang'aa. Makanika asiye na vidole ni sawa na mwimbaji asiye na sauti. Hakuwa na mtoto wa kumchukua. Mke wa Konokono ndiye aliyesema, kabla mumewe hajafungua mdomo, "Atakuja kukaa hapa. Atakwenda wapi kwingine?" Wakampa chumba cha watoto, watoto wakahamia sebuleni.

Asubuhi ya kwanza walimkuta ameketi ukumbini, blanketi mabegani. Siku iliyofuata vilevile. Mke ndiye aliyeelewa. Chumba kile kilikuwa na dirisha, na dirisha lilikuwa na konokono wawili.

Siku hiyohiyo Konokono aliikata grili ile, kisha akazikata zote za nyumba yake, akaziegemeza ukutani nje. Alipomaliza alikwenda kuketi karibu na shemeji yake, unga wa chuma ukiwa bado nyusini. Alikuwa amekaa na maneno haya tangu msibani.

"Shemeji, siku ile uliniomba kilango."

"Nakumbuka."

"Nilicheka."

"Nakumbuka." Shemeji alikohoa, akasubiri kifua kitulie. "Usiniombe niseme si kosa lako. Nikisema hivyo nitakuwa nakudanganya, na sisi tunakaa nyumba moja. Pia usiniombe niseme ni kosa lako. Yeye mwenyewe ndiye alitaka hivyo, na mimi nilicheka pamoja nanyi. Niache tu."

Akamwacha. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kujiacha. Alianza kupita nyumba kwa nyumba, kwa wateja wake wa zamani, kuwaomba awakatie kilango cha dharura kwenye grili walau moja, bure. Wengine walimhurumia, wakampa chai na kubadilisha mazungumzo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, jirani yake wa miaka yote, alimsikiliza huku akipanga makopo ya rangi.

"Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka," alimwambia. "Pole, fundi. Lakini moto sijawahi kuuona kwangu. Mwizi nimemwona mara tatu."

Wachache walikubali. Kwao alikata kwa uangalifu, akaweka bawaba, komeo na kufuli la ndani, akawaonyesha mahali pa kutundika ufunguo. Haukupita muda, nyumba moja kati ya hizo ikaibiwa. Mwizi aliingiza chuma kati ya nondo, akalivunja kufuli, akaingia taratibu kama mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuja karakanani akasimama barabarani ili kila mtu asikie.

"Ulinishauri nimfungulie mwizi. Sasa nenda kamwambie anirudishie vitu vyangu."

Aliyoyasema yule mtu yalikuwa kweli. Na maneno ya namna hiyo hayahitaji miguu. Kabla ya mwezi kwisha, mtaani ilikuwa inasemwa kwamba Konokono siku hizi anachonga milango ya wezi. Kazi zikahamia kwa fundi wa upande wa pili wa soko, kijana mwepesi, anayemaliza dirisha kabla chai yako haijapoa. Konokono alibaki na kuunganisha vitanda vilivyovunjika na mikokoteni ya wauza maji. Mkewe alianza kufua nguo za watu. Hakumlaumu, ila jioni moja, akianika, alimwambia bila kumtazama, "Baba watoto, dada ametuachia majonzi. Asituachie na njaa."

Suluhisho, kama ni suluhisho, lilitoka kwa shemeji. Alikuwa na kawaida ya kukaa karakanani kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, mikono mapajani, akiangalia kazi. Siku hiyo alikuwa anamtazama Konokono akihangaika na kilango kingine ambacho hakuna aliyekiagiza.

"Kosa lako unakata tundu katikati ya grili," alisema. "Mwizi analiona. Tairi la gari linashikwa na nini? Nati. Grili nzima iwe ndiyo mlango. Upande mmoja bawaba, upande mwingine bolti zilizozikwa ukutani, nati zinakaa ndani. Ukiwa nje huoni kufuli, huoni komeo."

"Na spana? Nani atatafuta spana kwenye moshi?"

"Nati za masikio. Zile za kufungua kwa vidole."

Walijaribu kwenye dirisha la chumba cha shemeji. Konokono aliweka fremu, bawaba zikawa kushoto, na kulia bolti mbili, moja juu na moja chini, kila moja imekingwa na kibati ili mkono wa nje usiifikie. Alipomaliza alifungua akafunga, akafungua akafunga, akaridhika.

"Wewe una vidole," shemeji alisema. "Ngoja nijaribu mimi. Mikono hii ikishindwa, basi mzee atashindwa, na mtoto atashindwa."

Akaomba afungwe kitambaa machoni. Kisha, badala ya kusimama, akapiga magoti, akalaza shavu karibu na sakafu. Shemeji alitambaa mpaka chini ya dirisha, akapapasa, akaipata nati ya chini. Alihangaika nayo kwa msingi wa viganja, maana vidole havikumsaidia, mpaka ikazunguka. Kisha akanyoosha mkono kutafuta ya juu. Haukufika. Alibaki hivyo, mkono hewani, anahema.

"Ya juu haifai," alisema, bado macho yamefungwa. "Huko juu hakuna hewa. Ukisimama tu, umekwisha. Dada yako alisimama. Mimi nilimvuta chini, akanitoka akasimama tena kukutafuta wewe dirishani."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho aliyosema lolote kuhusu mle ndani. Konokono aliketi sakafuni karibu naye. Mke wake, aliyekuwa mlangoni na ndoo, aliiweka chini polepole akaondoka.

Baadaye bolti ya juu iling'olewa, ikashushwa katikati. Masikio ya nati yakaongezwa urefu, mpaka mikono ile mibovu ikaweza kuyazungusha yote mawili. Konokono akapaka upya rangi ya kuzuia kutu kila mahali isipokuwa kwenye nyuzi za bolti. Huko alipaka mafuta mazito.

Grili za namna hiyo zilimrudishia wateja, si wengi, wanaotosha chakula. Ukiwa nje huzitofautishi na zile za zamani, hata konokono wapo. Alipokabidhi kazi hakutaka kuzungumza na baba mwenye nyumba peke yake. Alitaka wote waje: bibi, watoto, msichana wa kazi. Aliwafanya wapige magoti, wafumbe macho, wafungue. Wengine walifanya huku wanacheka. Yeye hakucheka.

Shemeji alifariki kwenye msimu wa baridi uliofuata. Kifua hakikuwa kimewahi kupona. Siku za mwisho alilala uso umeelekea dirishani, grili ikiwa imefunguliwa wazi, na mke wa Konokono alipotaka kuifunga kwa sababu ya upepo, alimkatalia kwa kutikisa kichwa. Walimzika pembeni ya mkewe.

Konokono sasa ni mzee. Jicho moja limeingia ukungu, ugonjwa wa wachomeleaji, na viungo vikubwa anamwachia mtu mwingine. Lakini kila mwaka anafunga karakana siku kadhaa, anachukua kopo la mafuta na tambara, anapita kwenye nyumba zote zenye nati zake. Anazifungua, anazipangusa, anapaka mafuta, anafunga. Nyingi anazikuta zimegandamana kwa kutu. Nyingine zimepigwa rangi juu kwa juu na fundi rangi mvivu, imebidi azigonge na nyundo. Kabati limesukumwa mbele ya dirisha, kitanda kimezuia bawaba. Anasogeza mwenyewe, watu wanamtazama.

Mwaka huu, katika nyumba moja ya ghorofa, mwanamke alimkaribisha vizuri, akamwingiza chumba cha nyuma. Kitandani alilala mama mkwe wake, hajiwezi miguu. Konokono alipiga magoti dirishani, akapapasa, akakuta nati zote mbili zimechomelewa. Kazi mbaya, matone yamejaa kama nta ya mshumaa, lakini imeshika.

"Nani kafanya hivi?"

"Mume wangu. Alisikia wezi wameshajua zile nati."

Konokono aliomba aruhusiwe kuzikata, hapo hapo, bure. Mwanamke alisema hawezi kuamua, asubiri mwenye nyumba. Akasubiri kwenye ngazi. Mwenye nyumba aliporudi alimsikiliza mlangoni, mkoba wa kazi ukiwa bado begani, akamwambia asante sana, mzee, lakini hapana.

Alirudi wiki iliyofuata, akaambiwa hapana. Akarudi tena. Safari hii hawakumfungulia mlango, ingawa alisikia televisheni ndani na mtu akipunguza sauti. Alishuka ngazi akazunguka nyuma ya jengo, akasimama chini ya dirisha lile, akahesabu kwa macho safu za matofali tupu kutoka dirishani hadi usawa wa sakafu ya chumba, na kuangalia ni wapi mtu angeweza kusimamisha ngazi.

Kisha akaenda zake nyumba ya pili.